Rafu ya dawa za kibiolojia kwenye agroveti za Mombasa: ipi ununue, ipi uiache hapo hapo

Mchicha wa Mwakirunge au Mtongwe hupandwa leo na kung'olewa baada ya wiki tatu au nne. Sukuma wiki huchumwa kila baada ya siku chache. Sasa chukua dawa ya kemikali ambayo lebo yake inataka usubiri siku 7, au 14, kabla ya kuvuna. Mkulima ana njia mbili tu: avunje lebo, au aache mboga izeeke shambani. Wengi huvunja lebo, na mboga hufika soko la Kongowea alfajiri ikiwa bado ina dawa ya juzi. Kwa hiyo ile rafu ndogo ya dawa za kibiolojia pembeni ya duka si ya watu wa "oganiki" peke yao. Siku zake za kusubiri, ambazo mara nyingi ni sifuri au moja, ndizo zinazoendana na kalenda ya mchicha.

Hapa tunaikagua rafu hiyo kama ilivyo Mombasa, si kama ilivyo Thika au Naivasha. Tofauti si ndogo. Bidhaa nyingi za aina hii ni viumbe hai, au ni sumu laini zinazooza kwa jua, na zinauzwa katika mji wa joto, wa unyevu, wenye maji ya kisima yaliyopita kwenye mawe ya matumbawe. Hukumu yetu ni kwamba bidhaa zenyewe ni nzuri kuliko sifa zake mtaani. Zinakufa mikononi mwetu: kwenye rafu, kwenye ndoo ya maji, na kwa kunyunyizwa saa isiyofaa.

Bt, pakiti ya kwanza kununua

Ukiwa na pesa za kitu kimoja tu, nunua Bt. Jina lake kamili ni Bacillus thuringiensis, bakteria aliyegunduliwa Japani mwaka 1901 akiua viwavi wa hariri, kisha akagunduliwa tena Ujerumani na kupewa jina kutokana na jimbo la Thuringia. Kwenye lebo tafuta neno la tatu baada ya jina hilo. Kurstaki hufaa kwa viwavi wengi wa kabeji, sukuma wiki na bamia. Aizawai ni bora zaidi kwa jamii ya viwavijeshi.

Bt haiui kwa kugusa. Kiwavi lazima aile. Ndani ya bakteria kuna fuwele ya protini, na tumbo la kiwavi lina hali ya alkali (kinyume cha uchachu), yaani pH ya 9 kwenda juu. Fuwele huyeyuka humo, inatoboa ukuta wa tumbo, na kiwavi huacha kula ndani ya saa chache. Kufa, hata hivyo, humchukua siku mbili hadi nne. Hapa ndipo malalamiko mengi huzaliwa: mtu ananyunyiza jioni, asubuhi anakuta kiwavi yuko hai juu ya jani, anarudi dukani kudai pesa zake. Usimwangalie kiwavi, angalia kinyesi chake. Chembe mbichi za kijani zenye unyevu maana yake bado anakula. Chembe kavu za kahawia na hakuna mpya, dawa imefika. Njia nyingine ni kufunga uzi kwenye majani matano yenye matundu na kuyahesabu tena baada ya siku mbili. Matundu yasipoongezeka, subiri, wala usirudie dawa kwa hasira.

Kipimo cha bidhaa nyingi za unga ni kati ya gramu 10 na 20 kwa bomba la mgongoni la lita 20. Lebo ndiyo ya mwisho kusema. Usimwage unga moja kwa moja kwenye bomba, utaganda madonge na kuziba nozeli. Koroga kwanza kwenye kikombe na maji kidogo hadi uwe kama uji mwepesi, mimina kwenye nusu bomba ya maji, tikisa, kisha ujaze. Nyunyiza kuanzia saa kumi na moja jioni, kwa sababu jua huimaliza Bt ndani ya siku chache na usiku ndiyo nafasi yake ya kuliwa. Elekeza nozeli chini ya majani. Rudia kila siku 5 hadi 7 maadamu nondo bado wanataga.

Inapofeli, mara nyingi sababu ni mojawapo ya hizi. Kiwavi amekuwa mkubwa, amepita sentimita moja na nusu, na sasa dozi aliyoila haimtoshi. Au ameshaingia ndani ya tunda la bamia, ambako hakuna dawa ya kula itakayomfikia. Kwenye mahindi, kiwavijeshi vamizi akishajiziba ndani ya koo la mmea kwa kinyesi chake mwenyewe, umechelewa. Unyunyize wakati majani yana vidirisha vidogo tu, na dawa iingie kooni. La mwisho ni kununua Bt kwa ajili ya vidukari au nzi weupe. Hao hawatafuni jani, wananyonya utomvu ndani yake. Bt haiwahusu kabisa, na muuzaji anayekuambia vinginevyo anamaliza stoki.

Kuhusu rafu, Bt ya unga ndiyo mvumilivu wa kundi zima. Ikikaa pakavu, imefungwa, chini ya nyuzi 30 hivi, hudumu hadi tarehe yake. Adui wake Mombasa ni unyevu. Pakiti ikishafunguliwa, ifungwe tena na iingie kwenye mkebe wenye mfuniko wa kubana, si kuachwa kwenye banda la pampu.

Maji kabla ya dawa

Suala hili tumelitengea nafasi kubwa kwa sababu ndilo linalopuuzwa zaidi. Visima vya kisiwani, Kisauni na Likoni vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa. Maji yake ni mazito, mara nyingi yana chumvi, na pH yake huelekea upande wa alkali. Ile hali inayoyeyusha fuwele ya Bt tumboni mwa kiwavi huanza kazi hiyo hiyo ndani ya bomba ikiwa maji yamepita pH 8 na mchanganyiko umelala. Azadirachtin ya mwarobaini ni dhaifu zaidi: hutulia kati ya pH 4 na 6, na juu ya 8 huoza haraka.

Hakuna haja ya maabara. Maduka yanayohudumia mabwawa ya kuogelea ya mahoteli, kuanzia Nyali hadi Shanzu, huuza vijikaratasi vya kupimia pH. Chota lita 20 za kisima chako, ongeza siki nyeupe kijiko kimoja cha chakula, koroga, pima. Endelea kijiko kwa kijiko hadi ufike 6 au 6.5. Kisha ngoja dakika 15 na upime tena, maana maji ya chokaa yana tabia ya kurudi juu taratibu. Andika idadi ya vijiko ukutani. Kisima hicho hicho kitahitaji idadi hiyo hiyo, ila uipime upya masika yanapoingia na chumvi kupungua. Siki huingia kwanza kwenye maji, dawa baadaye. Ukiimwaga siki juu ya dawa unaichoma.

Maji mazito yana kero ya pili: sabuni. Dawa nyingi za mwarobaini za nyumbani huhitaji sabuni ili mafuta yachanganyike. Kwenye maji ambayo hayatoi povu, sabuni ya kipande hugeuka utando mweupe unaonata kwenye chujio la nozeli. Tumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, mililita 20 kwa bomba zinatosha, au kinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati. Maji ya mvua humaliza matatizo yote mawili kwa pamoja bila senti. Maji ya mfereji wa mjini nayo hutiwa klorini: kwa Bt si neno, lakini kwa kuvu hai yaache kwenye ndoo wazi usiku mmoja.

Tena, mchanganyiko wowote wa rafu hii usilale. Uliobaki leo ni maji ya kumwagia miti kesho, si dawa.

Mwarobaini wa chupa na wa uani

Chupa za mwarobaini hutofautiana kuliko rangi za lebo zinavyoonyesha. Kinachofanya kazi ni azadirachtin, na kiasi chake huandikwa kwa asilimia: 0.03, 0.15, 0.3, hata 1. Chupa ya lita moja yenye asilimia 0.3 ina dawa mara kumi ya ile yenye 0.03. Kwa hiyo usilinganishe bei ya chupa na chupa. Angalia kipimo cha lebo kwa lita 20, gawanya, upate bei ya bomba moja. Bidhaa za asilimia 0.03 kwa kawaida hutumika mililita 50 hadi 100 kwa bomba, na chupa ya lita moja inayoonekana rahisi huisha baada ya mabomba kumi hadi ishirini.

Chupa isiyotaja asilimia ya azadirachtin ni mafuta ya nywele. Hatusemi hivyo kwa dharau. Mafuta ya mwarobaini ya Markiti ni mazuri kwa kazi yake, ila hayana kichanganyishi, yataelea juu ya maji, na bomba litatoa maji matupu kwanza kisha mafuta ya kuchoma majani mwishoni.

Kazi ya azadirachtin ni kumkosesha mdudu hamu ya kula na kumzuia kujivua gamba. Vidukari wachanga hawafiki utu uzima, viwavi wadogo hukwama wakibadilika. Matokeo huonekana baada ya siku 5 hadi 10. Ndiyo maana tunasema hivi, na tunalisisitiza: dawa "ya mwarobaini" inayoangusha kila mdudu ndani ya saa moja si ya mwarobaini. Katika nchi mbalimbali zimewahi kunaswa dawa zilizouzwa kuwa za mimea kumbe zimefichwa abamectin, sumu kali ya wadudu, ndani yake. Anayeitumia hiyo anavuna kesho akiamini ni salama.

Wenye miti uani, na Mombasa ni nani asiye nao, wanaweza kujitengenezea. Okota matunda yaliyoiva manjano, ondoa nyama siku hiyo hiyo, osha mbegu, anika kivulini siku tatu hadi saba. Zilizoota ukungu tupa, kwa sababu mbegu za mwarobaini hushika ukungu wenye sumu kama mahindi. Vunja ganda, twanga kiini hadi kiwe unga unaonata. Nusu kilo ya kiini kwa lita 10 za maji, loweka usiku mmoja kwenye ndoo iliyofunikwa, chuja kwa kipande cha leso kuukuu mara mbili, tia mililita 10 za sabuni ya maji, nyunyiza jioni hiyo hiyo. Makapi yamwage kwenye shina la biringanya. Majani ya mwarobaini hayana nguvu ya kiini hata kidogo karibu. Wanaochemsha majani wanaua hata kile kidogo kilichokuwemo.

Jua la saa sita na mafuta ya mwarobaini havipatani. Matango na mumunye huungua kingo za majani. Jaribu kwenye mimea mitatu, ngoja siku mbili.

Kuvu hai: kwanza nionyeshe friji

Hapa ndipo sifa na aibu ya rafu nzima ilipo. Metarhizium na Beauveria ni kuvu wanaoua wadudu. Mbegu ya kuvu hushika ngozi ya mdudu, huota, hupenya, na humla kutoka ndani. Mdudu hufa baada ya siku 4 hadi 10, na kwenye unyevu mwili wake huvaa unga, wa kijani ukiwa Metarhizium, mweupe ukiwa Beauveria. Kenya ina jambo la kujivunia hapa. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kilichoanzishwa mwaka 1970 na Thomas Odhiambo, ndicho kilichotoa aina iitwayo ICIPE 69, ambayo leo inauzwa kama bidhaa kwa ajili ya vithripi, wadudu wenye unga mweupe na nzi wa matunda.

Unyevu wa Mombasa ungepaswa kuwa rafiki mkubwa wa kuvu hawa, na shambani kweli ni rafiki. Jioni za kusi zinafaa kuliko mahali pengi nchini. Lakini mbegu zao haziwezi kukaa miezi kwenye duka la mabati. Friji huwapa maisha marefu. Rafu yenye nyuzi 33 mchana kutwa huwamaliza kabla tarehe ya lebo haijafika, na chupa haibadiliki rangi kukuonya. Basi muulize muuzaji maswali matatu: mzigo umeingia lini, umekaa wapi, na je, friji huzimwa usiku kupunguza stima? Friji iliyojaa soda tu na chanjo za kuku si dalili mbaya, angalau inafanya kazi. Asiye na friji kabisa, mwachie chupa yake.

Safari ya kurudi nayo ni sehemu ya duka. Buti la gari lililoegeshwa juani hupita nyuzi 45 kwa urahisi, na foleni ya feri ya Likoni haimjali mtu. Beba kwenye kiboksi cha samaki, barafu ikiwa imezungushiwa gazeti ili chupa isigandishwe.

Kosa la shambani linalojirudia ni bomba. Lile lile lililotumika juzi kwa mancozeb au dawa nyingine ya ukungu linatiwa kuvu hai leo. Dawa ya ukungu haichagui ukungu. Tenga bomba moja, liandikwe kwa rangi. Na uvae barakoa. Kuitwa dawa ya "hatari ndogo" haimaanishi uvute mbegu za kuvu mapafuni.

Trichoderma ni ndugu yao wa udongoni, na kwa Mombasa tunampendelea zaidi kwa sababu hufanyiwa kazi chini ya kivuli na unyevu. Hukinga miche isioze shina na mizizi isishambuliwe na fusari, kuvu wa kunyausha mimea. Kilo moja ya unga changanya na kilo 100 za samadi iliyoiva, mbichi itamuunguza kwa joto lake. Nyunyizia maji hadi ukiifinya kiganjani ishikamane bila kudondosha, funika kwa magunia chini ya mwembe, geuza kila siku mbili tatu, na baada ya wiki moja itumie kwenye mashimo ya kupandia. Ukiona kwa wingi utando wa kijani, ameshika.

Asichoweza Trichoderma ni mnyauko wa bakteria, na nusu ya wanaomlaumu walikuwa na ugonjwa huo tangu mwanzo. Kuutambua ni kazi ya dakika tano. Kata kipande cha shina la nyanya au biringanya iliyonyauka ghafla ikiwa bado ya kijani, kama urefu wa kidole, kitundike kwa uzi ndani ya glasi ya maji safi, ncha tu iguse maji. Uzi mweupe kama maziwa ukianza kushuka kutoka kwenye shina, ni bakteria. Ng'oa, choma, na usipande tena jamii ya nyanya, biringanya na pilipili hapo kwa misimu kadhaa. Hakuna chupa ya kununua.

Mitego ya nzi wa maembe

Bidhaa bora kwa thamani ya pesa, kwa mwenye miembe hata minne. Nzi vamizi, Bactrocera dorsalis, aligunduliwa nchini Kenya mwaka 2003, akianzia huku huku Pwani. Mwaka 2014 Kenya ilisimamisha yenyewe kuuza maembe Ulaya kwa ajili yake, na soko halikufunguliwa tena hadi 2021. Ngowe na boribo zinazooza zikiwa bado mtini, kiini kikiwa kimejaa funza, ni kazi yake.

Mtego ni kopo lenye kipande cha kivutio cha methyl eugenol na dawa kidogo ndani. Utundike kivulini ndani ya matawi, mita moja na nusu hadi mbili kutoka ardhini, paka grisi kwenye waya ili chungu wasile ushahidi, na ubadilishe kivutio kila wiki sita hadi nane. Anza kabla matunda hayajafika ukubwa wa limau.

Sasa lawama. Kivutio hicho huvuta madume tu. Mkulima huona kopo limejaa nzi 200, anafurahi, na majike yanaendelea kutaga juu ya kichwa chake. Lazima kiambatane na chambo cha protini, mililita 50 zikinyunyizwa kwenye eneo la kama mita moja ya majani kwa kila mti, mara moja kwa wiki hadi mavuno. Na lazima maembe yaliyoanguka yaokotwe angalau mara mbili kwa wiki, yafungwe kwenye mfuko mweusi wa plastiki juani, au yazikwe nusu mita kwenda chini. Anayetundika mitego na kuacha maembe yaoze chini anafuga nzi kwa mkono mmoja na kuwakamata kwa mwingine.

Jambo jingine linalowapotezea watu pesa ni kununua kivutio hicho kwa ajili ya matango, tikiti au mumunye. Nzi wa mimea hiyo ni mwingine, na huvutwa na cuelure. Duka lenye aina moja tu ya kivutio litakuuzia ilicho nacho.

Namba kwenye lebo

Kenya, bidhaa yoyote inayodai kuua au kufukuza wadudu wa mimea husajiliwa na bodi ya PCPB, chini ya Sheria ya Bidhaa za Kudhibiti Wadudu ya mwaka 1982, Sura 346. Hii ni pamoja na za kibiolojia: lebo iwe na namba ya usajili inayoanza PCPB(CR), jina la kiambato, aina yake kamili ikiwa ni kiumbe hai, namba ya mzigo, tarehe mbili (ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi), na joto la kuhifadhia. Chupa inayojiita "busta ya oganiki" mbele, kisha nyuma kwa maandishi madogo inadai kuua utitiri na viwavi, imekimbia mlango huo. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na chupa za namna hii hutembezwa sana kwa mikono kwenye vikundi vya wakulima.

Kwa upande wa sera, mwaka 2025 serikali ilitangaza kuondoa sokoni bidhaa 77 za kuua wadudu na kuwekea masharti nyingine 202. Ni hatua kubwa, lakini pengo la kwenye rafu halijazi lenyewe. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni namba 1107 ya mwaka 2009, una daraja la viambato vya hatari ndogo: kibali cha kwanza hudumu miaka 15 badala ya 10, na uamuzi juu ya bidhaa yake unatakiwa ndani ya siku 120. Wazo hilo ni zuri kwa watengenezaji wadogo, maana gharama ya muda huwaua kabla ya ushindani. Kwetu tungeongeza jambo moja ambalo Ulaya hawalihitaji sana: ukaguzi wa friji dukani. Usajili hupima bidhaa ilivyotoka kiwandani. Mkulima wa Jomvu hununua ilivyo baada ya miezi minne ya kaskazi.

Viumbe vinavyoagizwa kutoka nje vina mlango mgumu zaidi, kupitia KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, na inafaa hivyo, kwa sababu nyigu wa kuua wadudu waharibifu akishaachiliwa harudishwi. Faida yake ni kwamba akikubali mazingira hudumu bila kununuliwa tena. Mdudu mweupe wa mihogo alitulizwa barani Afrika na nyigu mdogo kutoka Paraguay, Anagyrus lopezi, kazi iliyompa Hans Herren tuzo ya World Food Prize mwaka 1995. Kwa mpapai ulioshikwa na unga mweupe, nyigu wa kumtafuta ni Acerophagus papayae. Kabla hujanyunyiza chochote, angalia kwa kioo cha kukuzia: vijigamba vya kahawia vyenye tundu dogo la mviringo maana yake nyigu wapo kazini. Ukinyunyiza dawa kali siku hiyo umefukuza vibarua wa bure.

Tahadhari kuhusu neno "asili". Utupa, mti ambao wavuvi wa zamani waliutwanga kulevya samaki, bado hushauriwa vijijini kama dawa ya bustani. Unaua wadudu kweli. Una rotenone, na shamba likiwa linateremkia kwenye mikoko ya Tudor au Mtwapa, mvua moja inatosha. Pareto nayo ni ya mmea, inaoza haraka kwa jua, lakini haitofautishi nyuki na kidukari. Kwenye bamia iliyochanua isiguswe hadi nyuki warudi mzingani.

Majimoto

Bidhaa hii haiuzwi dukani. Majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani ya mwembe na mnazi kuwa viota, ni walinzi waliotafitiwa tangu miaka ya 1950 huko Zanzibar. Humfukuza yule mdudu anayefyonza vidaka vya nazi hadi vinadondoka na makovu ya utomvu, na hupunguza nzi kwenye maembe. Mwenye mti wenye majimoto na mwingine usio nao anaweza kuwahamisha. Jioni, kukipoa, kata tawi lenye kiota, litumbukize guniani, lifungue kwenye mti mpya. Viota vyote vitoke kwenye koloni moja, la sivyo watapigana hadi waishe. Unganisha miti kwa kamba za katani ili wavuke bila kukanyaga chini, na kwa wiki ya kwanza waachie dagaa wachache na maji ya sukari.

Watakaowashinda ni chungu wadogo wa kahawia wenye vichwa vikubwa, wanaotengeneza viota kwenye mizizi. Wakiwa wengi chini ya mti, washughulikie hao kwanza, vinginevyo majimoto hawatamaliza mwezi. Wana kasoro pia: hufuga wadudu gamba kwa ajili ya utamu wao, kwa hiyo utaona masizi meusi kwenye baadhi ya majani. Mkwezi naye ataongeza bei akiwaona. Majivu mikononi na miguuni humsaidia kidogo. Kupanda alfajiri, wakiwa bado wamejikunyata ndani ya viota, humsaidia zaidi.